Utani Uliotoka Nje ya Grupu

Nilisikia sauti yake kabla sijamwona mtu yeyote. Nilikuwa bado kwenye ngazi, nakung'uta tope la njia ya bodaboda viatuni, na sauti hiyo ikawa inanishukia kutoka ghorofani. Ilikuwa sauti moja, ya mzee mmoja ninayemfahamu, lakini ilitoka mahali pengi kwa pamoja na hapakuwa na mbili zilizokwenda sawa. Moja ilikuwa imeshafika kwenye kisa cha fisi na harusi ya binamu yake. Nyingine ilikuwa bado inasalimia, inauliza mvua zimefikaje huko mliko. Ya tatu ilikuwa inacheka. Na nyuma ya zote ulikuwepo upepo, ule upepo wetu wa Singida usiojua kupumzika, ukipuliza ndani ya kila simu kwa wakati wake.

Nilipomaliza ngazi nikawaona. Wanafunzi walikuwa wamekaa chini kando ya ukuta wa korido, wakisubiri semina yangu, na kila mmoja alikuwa na simu mkononi. Walikuwa wanasikiliza kipindi cha Mwalimu.

Mwalimu alikuwa anafundisha fasihi simulizi katika tawi dogo la chuo, hapa mjini. Alikuwa amestaafu zamani, akarudishwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mimi nilikuwa msaidizi wake: niliendesha semina zake, nikasahihisha majaribio, na jioni nikaenda kuandika riwaya ambayo mpaka leo haijaisha. Meza yangu ilikuwa kwenye kona ya ofisi yake, kati ya dirisha na mlango wa mbao uliovimba kila mvua ziliponyesha, ukawa haufungi mpaka uuvute mara mbili.

Chuo kilipotutaka walimu wote tuanze kutumia mitandao kufundishia, wengi walifungua magrupu, wakapiga picha kurasa za vitabu, wakazitupia humo. Mwalimu aliiangalia simu yake kwa muda mrefu, kama mtu anayemkagua mbuzi mnadani.

"Fasihi simulizi," aliniambia, "nitaifundishaje kwa kuandika? Si itakuwa nimeshaiua kabla hawajaisoma?"

"Unaweza kurekodi sauti, Mwalimu. Unabonyeza hapa, unaongea, ukiachia inakwenda."

"Inakwenda kwa wote?"

"Kwa wote walio kwenye grupu."

"Hata yule aliyeko Kintinku?"

"Hata yeye."

Akatoka nje na simu yake. Nyuma ya jengo letu kuna mawe makubwa yaliyobebana, na ukisimama juu ya lile la mwisho unaliona Ziwa Singidani likimeta, na siku nyingine mstari wa waridi wa ndege korongo pembeni ya maji. Hapo ndipo alipofundishia tangu siku ile. Kila kipindi kilianza na salamu, kikauliza habari za mashamba ya alizeti, kikawapa pole waliosafiri, halafu ndipo hadithi ianze. Wanafunzi wa mjini walikuwa wakija darasani, lakini wale wa mbali, walimu wa shule za msingi waliokuwa wanajiendeleza, walikuwa hawana darasa lingine zaidi ya sauti hiyo. Walimsikiliza wakichota maji, wakichunga, wakisahihisha madaftari ya watoto wao.

Asubuhi, kabla hajaanza, grupu lilikuwa linajaa shikamoo. Kila mwanafunzi aliandika yake. Naye aliketi mezani, kidole kimoja kikitafuta herufi, akajibu marahaba, marahaba, marahaba, moja kwa kila mmoja.

"Mwalimu, marahaba moja inatosha kwa wote," nilimwambia mara ya kwanza nilipomwona akitoka jasho.

"Wewe ukipita sokoni, watu wakakuamkia mmoja mmoja, unamwitikia wa kwanza tu halafu unapita?"

Nilikuwa najiona mtu wa maneno, na yeye alikuwa ananifundisha maneno yanakaa wapi.

Huyo wa Kintinku alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu wa darasa la pili, Mgogo. Mwalimu alikuwa Mnyaturu wa Ikungi. Kwa hiyo walikuwa watani, na utani wao haukungoja kufahamiana. Siku ya kwanza tu alipouliza swali kwenye grupu, Mwalimu alijibu kwa sauti nzito: "Kabla sijajibu, rudisheni kwanza ng'ombe wetu mlioiba."

Dada akarudisha yake papo hapo, mbuzi wakilia nyuma yake: "Mwalimu, wale ng'ombe walikuja wenyewe wakiwakimbia nyie. Tuliwahurumia tu, walikuwa wamekonda kama wenye nao."

Wanafunzi waliotoka mikoa mingine walishtuka. Mmoja alinifuata baada ya semina, akaniuliza kwa kunong'ona kama hao wawili wana ugomvi. Mwalimu alipopata habari, akatumia kipindi kizima kueleza. Alisema kuna watu wawili duniani ambao hawawezi kutukanana hata wakijitahidi, kwa sababu babu zao walishamaliza matusi yote na kubakiza kicheko. Alisema mtani ndiye anayeruhusiwa kufanya kelele msibani pale ambapo ndugu wameishiwa nguvu. Analala kaburini akidai apewe kitu ndipo atoke, anavaa nguo za marehemu, anamtukana maiti usoni, na waliokuwa wanalia wanacheka bila kutaka, na wakishacheka wanaweza kula.

Mwaka ule alikuwa na jambo moja tu alilolitaka. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwisho wa muhula, na kundi lile la wanafunzi wa mbali lilikuwa limebakiza mwaka mmoja kumaliza. "Nataka niwafikishe hawa," alikuwa akisema, akigonga simu yake kwa kucha. "Nikishawafikisha, nakwenda zangu Ikungi kulima." Alikiandikia chuo kuomba hilo, na sisi sote idarani tulijua kwamba jibu linasubiriwa.

Kisha baba yake yule dada wa Kintinku akafariki.

Habari iliwekwa kwenye grupu asubuhi na kiongozi wa darasa. Ndani ya muda mfupi kioo kilijaa picha za mishumaa inayowaka, mikono iliyounganishwa, maua, na maneno yale yale: pole sana, Mungu akutie nguvu. Wengine walinakili ya mwenzao, wakasahau hata kufuta jina la mwenzao chini. Dada hakujibu kitu. Alama ilionyesha kwamba anasoma, lakini hakujibu kitu.

Mwalimu alikuwa ameketi, miwani imeshuka puani, anapandisha na kushusha mishumaa ile kwa kidole.

"Humu ndani hakuna mtani hata mmoja?" aliniuliza.

"Sijui, Mwalimu."

"Nimewafundisha kipindi kizima." Akainuka. "Watu wote hawa, na msiba umepoa hivi."

Akatoka akaenda kwenye mawe yake. Kupitia dirishani nilimwona mgongo, na mkono mmoja ukirushwa hewani. Kisha simu yangu mezani ikalia, nikaufungua ujumbe wake.

"Wee mzee wa Kintinku!" alikuwa anafoka, upepo ukimpiga. "Nani kakupa ruhusa ya kufa? Nyie Wagogo, msimzike huyo mwizi! Afadhali amekufa, angemaliza zizi zima! Lakini hafukiwi mtu mpaka nije. Nitalala mimi humo kaburini, na sitoki mpaka mnipe beberu mnene, na asiwe wa kuazima. Na wewe binti yake, acha kulia kama kifaranga. Mpe mama yako uji. Mwambie watani zake wako njiani, na wana njaa."

Mwishoni sauti ilibadilika kidogo, ikawa chini. "Poleni, watu wangu," alisema, na ujumbe ukaisha.

Jibu lilikuja mchana. Kwanza zilisikika kelele, wanawake wengi, vyombo, mtoto, halafu ndipo nikatambua kwamba kelele zile zilikuwa kicheko. Dada alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Alisema amewafungulia simu kwa sauti kubwa wamama waliokuwa jikoni, na mama yake, ambaye tangu jana yake alikuwa hajafungua mdomo, amecheka, ameomba uji. Kisha ikaingia sauti nyingine, ya mwanamke mzee, kavu: "Mwambieni huyo Mnyaturu aje na jembe. Asije na mdomo mtupu kama kawaida yao."

Mwalimu aliisikiliza mara nyingi siku ile. Alipoondoka jioni alikuwa anatabasamu peke yake.

Sijui nani aliitoa sauti ile nje ya grupu. Tulijaribu kukisia, halafu tukaacha, maana kila tuliyemkisia alikuwa mtu mwema. Huenda alimtumia ndugu yake ili acheke naye, na ndugu akamtumia mwingine asiyejua ni utani gani huo. Mahali fulani njiani, mtu aliikata. Ikabaki ile sehemu fupi tu: msimzike huyo mwizi, afadhali amekufa. Juu yake wakaandika kwamba huyu ni mhadhiri wa chuo akimsimanga mwanafunzi wake aliyefiwa na baba.

Mimi nilijua kwa simu ya mama. Mama anapika chakula Shelui, pale malori yanapolala, na madereva humletea habari za nchi nzima pamoja na vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo si mwalimu wako?"

"Nani, mama?"

"Huyu anayemtukana maiti. Kuna dereva hapa anatusikilizisha. Nimemwambia hiyo sauti naijua, uliwahi kunipa niongee nayo."

"Mama, ule ni utani. Yule binti ni Mgogo."

Nikasikia kijiko kikigonga sufuria. "Oo," alisema. Kisha nikamsikia akimwelezea dereva, na dereva akicheka, akisema kumbe. Nikafurahi. Nilidhani basi itakuwa hivyo kila mahali, mtu atamweleza mtu, naye atasema kumbe.

Nikakaa nikaandika maelezo. Niliyaandika kama ninavyoandika vitu ninavyovipenda, nikafuta, nikaandika tena. Nilieleza utani ni nini, nikaeleza uji wa yule mama, nikaweka sauti nzima kuanzia salamu ya hasira mpaka ile poleni ya mwisho. Nikaituma kila mahali nilipoiona ile iliyokatwa. Watu wachache walinipa dole gumba. Mmoja akaniuliza maelezo marefu hivyo ya nini, kama hakukosea. Mwingine akasema kama mila ndiyo hiyo, bora ife. Na wakati mimi nawajibu hao, ile iliyokatwa ilikuwa inapita mbele yangu, mtu anaipokea na kuitupa kwa mwenzake kama kaa la moto, bila mmoja wao kuifungua ile ndefu. Sijawahi kuyaona maneno yangu yakiwa mepesi kiasi kile.

Tukaitwa ofisini kwa mkuu wa idara. Mkuu alikuwa mama mdogo kwa umri, naye alifundishwa na Mwalimu huyo huyo enzi za ujana wake. Alimpa shikamoo akiwa amesimama, na macho hakuyainua. Pembeni yake aliketi afisa aliyetoka makao makuu ya chuo, mtu mpole, mwenye safari ndefu usoni.

"Mzee wangu," afisa alisema, "hakuna anayetaka kukuonea. Tunachoomba ni jambo dogo. Urekodi ujumbe, uombe radhi. Kwa familia na kwa umma. Likishaisha hilo, suala la mkataba wako halina tatizo."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole. "Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikiomba radhi, nitakuwa nimemtukana kweli. Mtani akisema nisamehe, maana yake alikusudia. Yule mama alicheka, akanywa uji. Leo nimwambie kwamba siku ile nilikuwa namtukana mumewe?"

"Lakini wao wataelewa kwamba ni kwa ajili ya watu wa nje."

"Wao watasikia kwa simu ile ile waliyonisikia mwanzo."

Mkuu wa idara aliinamia meza. "Mwalimu, ni sentensi moja tu. Nitaiandika mimi, wewe uisome."

"Mwanangu, sauti si itakuwa yangu?"

Nilifungua mdomo niseme kitu, nikakuta nilichonacho ni yale maelezo yangu marefu, nikaufunga.

Wakakubaliana wampe siku za kufikiri. Mimi usiku ule ule nikampigia yule dada wa Kintinku, nikamweleza yote. Sikumwomba aje. Alisema tu, "Kumbe," kisha akakata simu. Siku afisa aliporudi kusikiliza jibu, tukasikia hodi.

Aliingia na vumbi la basi kitengeni, kitambaa cheusi kichwani. Akamsalimia mkuu kwa adabu zote, akampa afisa shikamoo, akapewa kiti. Mwalimu, dada hakumsalimia. Alimtazama kutoka juu mpaka chini.

"Huyu mwizi bado yuko hai?" alisema. "Nimetoka Kintinku nikijua nakuja kuzika."

Mwalimu alikuwa amekaa siku zote zile kama mtu aliyenyeshewa. Sasa akainua kichwa, na nikaona meno yake. "Umekuja mikono mitupu? Beberu yuko wapi?"

"Beberu tumemla. Tulikusubiri kaburini, hukutokea. Mnyaturu mwoga wa maiti wewe!"

Wakacheka wote wawili, Mwalimu mpaka akakohoa, na mkuu wa idara naye akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Mimi nilikuwa nacheka pia. Nilidhani imekwisha. Nilidhani huu ndio ushahidi ambao kalamu yangu ilishindwa kuuleta, umekuja wenyewe kwa basi.

Afisa hakucheka. Alitutazama mmoja baada ya mwingine kwa huzuni ya kweli.

"Unaona?" alimwambia mkuu. "Hata mwanafunzi wake hamheshimu tena. Hapa ndipo hayo magrupu yanapotufikisha."

Dada akageuka, kicheko kikakauka. "Baba, mimi ndiye niliyefiwa. Mimi sikutukanwa. Mama yangu hakutukanwa. Nani mwingine aliyetukanwa?"

"Nakuelewa, mwanangu. Lakini waliokasirika ni wengi."

"Wanamjua baba yangu?"

"Hawamjui."

"Wananijua mimi?"

"Hapana."

"Sasa wamekasirika kwa niaba ya nani?"

Afisa alivua miwani akaisugua kwa tai. "Ungekuwa wewe peke yako ndiye uliyesikia, tusingekuwa hapa," alisema, na nikaona kwamba naye amefika mwisho wa anayoweza kusema. Alikuwa ametumwa akalete radhi iliyorekodiwa. Hakutumwa kuleta kingine chochote, na sisi tulikuwa na kila kitu isipokuwa hicho.

Dada alimgeukia Mwalimu. Safari hii aliongea taratibu, bila utani, na hilo lilinitisha kuliko yote. "Mwalimu, omba tu. Mama nitamweleza mimi. Utufikishe."

Mwalimu akamwinamia. "Wewe ndiye utakayemweleza?"

"Mimi."

"Utamwambiaje?"

Dada alitafuta. Nilimwona akitafuta, midomo ikianza neno na kuliacha, mwanamke asiyewahi kukosa la kumjibu Mnyaturu. Mwisho akavuta kitambaa chake kichwani, akatazama chini.

"Basi," Mwalimu akamwambia, kwa upole.

Barua ilikuja kabla muhula haujaisha. Mkataba haukuongezwa, na grupu lifungwe, sauti zote zifutwe. Wanafunzi wa mbali wangeletewa masomo ya maandishi.

Asubuhi yake ya mwisho nilimkuta mezani, vitabu vimeshafungwa kwa kamba. Alinipa simu nimwonyeshe namna ya kufuta. Nilimwonyesha. Zikafutika kwenye simu yake, kisa baada ya kisa, fisi, harusi, upepo. Aliponiuliza kama sasa zimefutika kwa wote, nilimwambia hapana, zilishapita muda wake, kila mtu anabaki na zake.

"Na ile iliyokatwa?"

"Na ile pia, Mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari za mvua ya mahali pengine.

Wakati huo grupu lilikuwa linaamka. Shikamoo zikaanza kuingia kama kila siku, maana wengi walikuwa hawajajua. Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Mwalimu. Ilikuwepo ya Mkalama, ilikuwepo ya Manyoni, na ya yule wa Kintinku, isiyokuwa shikamoo bali inayouliza kama mwizi ameamka. Akashusha miwani. Kidole kimoja kikaanza kutafuta herufi. Marahaba. Marahaba. Marahaba. Kila alipokaribia kumaliza, nyingine ikaingia. Sikumwambia kwamba moja inatosha. Nilisimama dirishani nikajifanya naangalia mawe yake, na korido ilikuwa imeanza kujaa, na kule nje simu mbili tatu zilikuwa zinaongea kwa sauti yake, moja mbele, nyingine nyuma.

Aliitikia mpaka ya mwisho. Kisha akanionyesha kioo bila kusema, nikambonyezea pale pa kutoka, na chini ya marahaba zake ukatokea mstari mdogo wa kijivu kwamba ametoka.

Akabeba vitabu vyake kwapani. Nilitaka kumsaidia, akakataa kwa mkono.

"Andika hiyo riwaya yako," alisema. "Lakini uwe unaisoma kwa sauti."

"Sawa, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Akatoka. Akauvuta mlango kutoka nje, ukagoma kwa sababu ya mvua. Akauvuta mara ya pili, ukafunga.